Kuvu la Baba Limeota Mvi

Jumatatu, 3 Machi

Magunzi mapya yamefika kiwandani! Magunia yamejaa mpaka kwenye ngazi, na Fundi Kinu, msagaji wetu, keshaingia vumbi hadi kwenye kope. Anasema yeye ni yatima wa mahindi — wenzake wamekula punje, yeye wamemwachia mifupa. Asubuhi nzima anaimba na kinu kinamwitikia. Nampenda bure mzee huyu.

Furaha yangu iliishia kwenye pipa la pili. Kwa kawaida tukishaupika unga wa magunzi kwa mvuke na kumimina maji ya kuvu, vimeng'enya vyake havichelewi. Vinazikata zile nyuzi ndefu vipande vipande, na ikifika jioni uji umelegea, una utamu wa mbali. Ndiyo sukari yetu hiyo. Tumbo la mtu haliiwezi, inapita nzima mpaka utumbo mpana, na huko wako bakteria wazuri wanaoisubiri kwa hamu. Ukiwalisha hao, tumbo linatulia; ndiyo maana inatiwa kwenye uji wa watoto na wa wagonjwa. Basi leo uji wangu umebaki vilevile. Mzito, mkaidi! Nimepima, nikapima tena. Nyuzi hazijakatwa.

Nikafungua kabati la joto nimtazame kuvu mwenyewe. Jamani! Pale alipokuwa kijani sasa kuna manyoya meupe, mabaka mabaka. Kuvu la Baba limeota mvi.

Baba sijamwambia. Nilipoingia nyumbani, hata viatu sijavua, akauliza swali lake la kila siku — mdogo wako hajambo? Mimi ndiye kitinda mimba wa nyumba hii, lakini Baba alilipata kuvu lile mimi bado nanyonya, akaamua tu kwamba nina mdogo wangu. Nikajibu hajambo, anakusalimu. Mama akafunika sufuria kwa kishindo. "Mdogo wako" akitajwa, lazima Mama agongeshe kitu. Sijawahi kujua kwa nini.

Jumanne, 4 Machi

Meneja ameyaona mabaka. Si mtu mbaya, mama wa watu, hata alivuta kiti akakaa kabla ya kusema. Vimeng'enya vya kununua vipo, vinakuja kwenye ndoo, vinafanya kazi ileile. Kwa hiyo — mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Kuvu likionyesha dalili ya kurudi, heri. Lisipoonyesha, visahani vyote vinaingia kwenye jiko la mvuke, na chumba kinakuwa cha kupakia bidhaa. Akauliza kama nina swali. Nilikuwa nalo, ila si la kumuuliza yeye.

Kazi mimi sikosi. Nitahamishiwa kwenye mapipa, basi. Shida ni Baba! Chumba hiki alikianzisha yeye. Wenzake walijenga nyumba, yeye alijenga ukungu — maneno ya shangazi hayo, dada yake, si yangu. Kisha magoti yakamwangusha, ngazi za huku zikamshinda, na sasa anaishi kwa habari ninazomletea jioni. Nitamwambiaje kwamba mwanawe anakwenda kupikwa?

Fundi Kinu ananishauri nilipake rangi ya nywele. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na mengine hayakuwa ya kucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeumbuka! Nilisahau pua ya Baba.

Kuvu lile likiwa zima linanukia nazi. Kweli kabisa, nazi iliyokunwa sasa hivi. Harufu inaganda kwenye koti langu la kazini, na koti huwa nalitundika kwenye msumari karibu na kiti chake. Leo kalivuta, kalinusa, kageuza mkono wa pili kanusa tena. Akasema linanuka sabuni. Nikamwambia nimelifua jana. Mama akajibu kutoka jikoni, wala hakuulizwa — koti hilo lilifuliwa Jumamosi, na aliyelifua ni yeye. Asante, Mama!

Baba alilirudisha kwenye msumari taratibu, akalinyoosha na kola. Nikaenda kuoga, na nilikaa bafuni muda mrefu kuliko uchafu niliokuwa nao.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia. Nilipiga moyo konde nikamwaga yote: mvi, uji mkaidi, Meneja, jiko la mvuke. Nilijua atavunjika moyo. Aa wapi! Aliuliza swali moja tu — mnamlisha nini?

Jeli ya viazi na sukari, nikasema. Tangu aondoke kazini ndiyo tunayotumia sote. Linakua haraka juu yake, linapendeza, kisahani kikijaa unalihamishia kingine, na kingine. Baba akajipiga paja. Mmemdekeza! Anayewekewa sukari mdomoni ahangaike kukata magunzi ya nini? Kazi ameisahau! Yeye enzi zake alimlisha magunzi matupu, na alimhamisha kwa nadra. Nilitaka kujitetea lakini alikuwa anasema kweli. Na macho yake yaling'aa, jamani. Kumbe alikuwa na kiu ya kuulizwa kitu.

Halafu akatoa neno ambalo sijawahi kulisikia — wa kwanza yupo. Mbegu za mwanzo kabisa, kabla ya visahani vyote hivi, alizichanganya na mchanga mkavu, akautia kwenye kichupa cha kioo, akauyeyusha mdomo wake motoni ukajifunga. Mbegu za kuvu zikikaa kavu hivyo zinalala miaka na miaka. Ukizipa maji na chakula, huenda zikaamka. Nikaruka! Kiko wapi? Baba akamwangalia Mama.

Mama akasema hakuna kitu kama hicho ndani ya nyumba yake. Akakusanya vyombo mezani, na vingine vilikuwa bado vina chakula. Nilipomgeukia Baba alikuwa mpole kama mtoto aliyevunja glasi. Muulize mama yako, akaninong'oneza, mimi niliapa.

Jumamosi, 8 Machi

Mama amefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Baba anakohoa kile kikohozi cha kutafuta mazungumzo, hajibiwi. Mimi katikati, napitisha chumvi.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimekaa kitandani tangu saa ngapi sijui, nacheka, nafuta macho.

Mama aliniita nimsaidie kukunja mashuka. Shuka linataka watu wawili, mmoja huku, mmoja kule, na nadhani alichotaka ni huo umbali. Akaanza kusema bila kuniangalia.

Nilikuwa na miezi michache. Walipanga chumba kimoja, na ukuta mmoja ulikuwa unavuja. Mama alinishonea kigodoro kwa mkono wake, akakijaza maganda makavu ya mahindi, na alikionea fahari. Nikaanza kukohoa. Nakohoa, nakohoa, dawa hazisaidii. Kitandani kwangu kulikuwa na harufu tamu ya nazi, naye akadhani ni mafuta ya nazi anayonipaka. Siku moja shangazi akaja kumtazama mtoto. Wifi mtu! Akanyanyua kigodoro. Chini kote, kijani.

Shangazi angenyamaza yangeisha. Hakunyamaza. Aliwaita wapangaji wa vyumba vingine waje waone mtoto wa kaka yake anavyolazwa. Wakaja, wakajazana mlangoni. Mama anasema anamkumbuka kila mmoja na nguo aliyovaa. Tulipohama nilipona, lakini yeye kwa ndugu za Baba aliitwa Mama Ukungu kwa miaka. Alipolitamka jina hilo alilivuta shuka kwa nguvu. Nikang'ang'ania pembe zangu, nikaliangalia shuka, nisimwangalie yeye. Kwa hiyo ndiyo sababu. Usafi ule wote, kudeki mara mbili kwa siku, mapazia, sisi watoto kukaguliwa kucha — yote ni kwa ajili ya ule mlango uliojaa watu.

Na Baba? Baba aliambiwa akakichome kigodoro. Alikichoma, ila alikikwangua kwanza! Aliona ukungu ule umeyala maganda yamekuwa laini, akasema hiki kitu kinajua kazi. Mama aligundua miezi baadaye, na siku hiyo nusura afunge virago arudi kwao. Ndipo Baba akaapa hatamwambia mtu yeyote lilikotoka. Akatunga hadithi ya gogo. Gogo linalooza kando ya mto! Jamani, hadithi ya gogo nimeisimulia shuleni. Nimeisimulia kwenye usaili wa kazi! Wageni wakitutembelea mimi ndiye ninayewapa gogo, tena natia chumvi, nawaambia na mvua ilikuwa inanyesha.

Kumbe "mdogo wako" ni kwa sababu tulilala kitanda kimoja. Baba mchokozi, naye Mama kalisikia neno hilo kila jioni miaka yote hii. Nilimkasirikia Baba. Nikamuuliza Mama mbona hukumkataza? Hapo ndipo aliponiangalia. Akasema kila anapolitaja anafurahi kwelikweli, sasa angemkatazaje mtu mwenye furaha vile?

Kichupa anacho. Baba alimpa mwenyewe wakati ule, akamwambia ukitaka kukivunja, kivunje, sitasema neno. Hakukivunja. Akaenda chumbani, akakaa huko kidogo, akarudi nacho kiganjani. Kidogo tu, hakizidi kidole, na mchanga ndani. Sharti lake moja — asijue mtu kuvu lilikotoka. Nikaapa na mimi. Nikamkumbatia yeye na mashuka yake, ikabidi tuyakunje upya.

Jumatatu, 10 Machi

Mchanga umepandwa! Jeli ya magunzi matupu, sukari hakuna. Baba alikuwa kwenye simu, nimeiegemeza kwenye chupa ya spiriti, anatoa amri. Pitisha kichupa kwenye moto. Vunja shingoni. Usipumue. Nimesema usipumue! Nikamwambia nikifa humu ndani mwanao atalishwa na nani. Kioo kilikatika vizuri, nikaunyunyiza mchanga kwenye visahani vyote nilivyokuwa navyo. Viko karibu na dirisha, kwa maana bila mwanga hawezi kugeuka kijani. Hilo nalo kalisema Baba mara nne.

Nilimweleza Meneja kwamba ninaanza upya kwa mbegu za zamani. Akafurahi. Lakini, akasema, kabla kuvu hilo halijagusa pipa atataka kujua lilitoka wapi hasa, maana linakwenda kwenye chakula cha watu. Nikasema ndiyo, bila shaka. Nikaenda kukaa na Fundi Kinu, kwenye makelele, ambako mtu hawezi kukuuliza kitu.

Nikadanganye? Nivunje kiapo? Mama hajawahi kuniomba jambo lolote kubwa, hili la kwanza.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna kitu. Jeli tupu na punje za mchanga.

Nyumbani Baba anauliza kwa macho, najibu kwa kichwa. Mama haulizi. Aliniwekea chai kabla sijaomba, akapangusa meza iliyokwisha kupanguswa, halafu akasema, kama anamuulizia mtu baki — kule ndani kuna joto la kutosha?

Alhamisi, 13 Machi

Ameamka! Visahani vitatu vina nyuzi, nyembamba mno, unaziona ukikiinamisha kisahani. Nilipiga ukelele Fundi Kinu akazima kinu, akidhani nimekatika kidole. Tukashikana mikono tukarukaruka, vumbi lake lote likahamia kwangu.

Ila ni nyeupe. Wote huanza weupe, wazima na walioharibika. Kijani kinakuja baadaye, kama kitakuja. Na Ijumaa ni kesho! Baba anasema lazima aje. Nikamuuliza na ngazi je? Akasema hizo ngazi ni shida yangu, shida yake ni kuvu.

Mama alikuwa anachagua nguo. Nikamuuliza unakwenda wapi. Akasema huyo mzee nimwache aende peke yake akaanguke?

Ijumaa, 14 Machi

Naandika hapahapa chumbani kwa kuvu, nimeegemea friji. Siwezi kungoja jioni.

Baba amepandishwa! Alikaa kwenye kiti cha ofisi, Fundi Kinu na watu wawili wa mapipa wakambeba juu juu kama bwana harusi, na yeye anawaelekeza kona. Mama nyuma, kashika fimbo ya Baba, uso kaukunja. Miaka yote hii hajawahi kukanyaga hapa. Mlangoni akasita. Nikampa koti jeupe, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Alichokiona kwanza wala si kuvu, ni vumbi juu ya kabati. Akaomba kitambaa. Nikamweleza kwamba hapa adui yetu ndiye huyo, uchafu. Ukungu mwingine ukipenya kwenye kisahani kazi yote imekwisha, ndiyo maana tunanawa, tunapangusa, tunafunika. Akasimama na kitambaa mkononi. Yaani hili linataka usafi? Nikamwambia, Mama, zaidi ya mtoto mchanga. Akalipangusa kabati lote, akaenda na madirisha.

Kisha akaja kwenye visahani. Alitaka kufunua, nikamkatalia. Akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Kwenye kisahani cha kati, ndani ya weupe, kuna kitu. Mimi naona kijivu. Baba anasema kijani hicho, kijani kabisa, lakini miwani aliyovaa ni ya kusomea. Mama akasema bado, mwacheni, msimharakishe.

Meneja akaja. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, simu kwenye mkono wa pili. Akamwamkia Baba kwa heshima zote. Akatazama visahani kwa mbali, akasema anaona uhai, anafurahi, lakini kabla ya kuamua chochote anataka asikie mwenyewe: lilitoka wapi? Baba haraka haraka — gogo linalooza, kando ya mto. Meneja akauliza, mto gani?

Mto gani! Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza mto gani. Baba akanitazama mimi. Mimi nikatazama sakafu, kwa sababu nilikuwa nimeapa na sikuwa na mto hata mmoja. Fundi Kinu yuko pale na masikio yake yote mawili. Nilitaka kusema lolote, hata uongo mpya, ili watu wale watoke mlangoni.

Mama akaweka kitambaa chini. Akasema halikutoka kwenye gogo. Limetoka chini ya kigodoro cha mwanangu, huyu hapa, nilikishona mimi, nyumbani kwangu. Sauti yake ya kawaida, ile ya kumwambia mgeni choo kiko wapi. Baba akanyoosha mkono amshike, akaambulia mfuko wa koti, akaushikilia huohuo. Hakuna aliyecheka. Meneja akapiga hatua moja ndani ili amuulize zaidi.

Mama akamwinulia kiganja. Sinki liko hapo nje, mwanangu. Nawa kwanza.

Meneja ameweka simu chini, kaenda kunawa. Nasikia maji. Mama kasimama mlangoni anamtazama, na sasa hivi kamrudisha mara ya pili, eti sabuni hakuipitisha katikati ya vidole.